Kabla fundi hajapiga Windows: jibu kwa mwalimu wa Tukuyu

SWALI: Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ya mtumba Mwanjelwa, Mbeya, mwaka 2014. Ina Core i3 2120, RAM ya 4GB, diski ya 500GB na Windows 10. Siku hizi nikiiwasha naweza kwenda kisimani nikarudi bado inahangaika. Kila umeme ukikatika saa yake inarudi mwaka 2011, na barua pepe inakataa kufunguka. Ndani mna picha za familia tangu 2006, hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nyimbo za kwaya, na sauti ya marehemu mama akisimulia ngano kwa Kinyakyusa. Sauti hiyo niliirekodi kwa simu ya Nokia mwaka 2009, na faili zake zinaishia na .amr. Kijana mmoja hapa anasema apige Windows upya, itakuwa kama mpya. Mwanangu aliyeko Iringa anasema nitupe, ninunue laptopu. Nimsikilize nani? Na kazi hiyo ifanyike hapa au niilete Mbeya?
Mwalimu mstaafu, Tukuyu

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kwa wiki hii naomba usimsikilize hata mmoja kati ya hao. Huenda kijana yuko sahihi kuhusu Windows, na huenda mwanao yuko sahihi kuhusu laptopu, ila wote wamelipita jambo kubwa uliloliandika katikati. Kompyuta kama yako naweza kushuka Mwanjelwa mchana huu nikarudi na nyingine begani. Sauti ya mama iko mahali pamoja tu, kwenye diski ambayo kwa kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika na ambayo ilikwisha kutumika kwa mtu mwingine kabla hujaipata. Hiyo ndiyo ya kushughulikia kwanza. Mengine yote, hata ukiyakosea, yanarekebishika.

Nalisema hili nikiwa na kidonda changu. Mwaka wangu wa pili katika ufundi, mama mmoja wa Makambako aliniletea laptopu iliyokuwa nzito kama ya kwako. Nikamuuliza, "Humu kuna kitu cha maana?" Akasema hakuna, picha zake zote ziko kwenye Picasa. Nikafuta, nikapiga Windows, akalipa akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi akiulizia harusi ya mwanawe. Picasa aliyokuwa nayo ilikuwa programu ya kupangia na kutazamia picha tu. Picha zenyewe zilikuwa kwenye diski ile ile niliyoifuta. Yeye alinijibu kwa ukweli alivyoujua, na mimi ndiye niliyepaswa kujua zaidi. Tangu siku hiyo simuulizi mteja kama kuna kitu cha maana. Nanakili kila kilichomo, ndipo nashika bisibisi.

Sasa elewa anachomaanisha kijana wako anaposema apige Windows. Programu ya kusimika Windows hukuonyesha vipande vya diski, vinavyoitwa kwa herufi kama C na D, na kukuuliza kipi kifutwe. Mafundi wengi hufuta C na kuiacha D, wakimwambia mteja kwamba vitu vya D viko salama. Lakini kila ulichokiweka kwenye uso wa kompyuta (Desktop), kwenye Documents, Pictures na Downloads, kwa kawaida kiko C. Na fundi mwenye haraka anaweza kufuta vipande vyote kwa kubofya mara moja asikostahili. Nimeona diski za namna hiyo zikiletwa kwangu zimekwisha kuandikwa upya, na kilichoandikwa juu yake hakirudi kwa programu yoyote ya uokoaji.

Kuna jambo la leo hii, kabla hujalala, na halihitaji fundi. Rekodi za .amr za simu za zamani ni ndogo mno. Simu zile zilibana sauti hadi takriban kilobiti 12 kwa sekunde, kwa hiyo saa nzima ya mama akisimulia haifiki 6MB. Picha moja ya simu ya kisasa inaweza kukaribia ukubwa huo. Kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani mwako ndicho chepesi kuliko vyote, na kinaweza kutoka humo usiku huu kwa bando dogo kabisa.

Barua pepe inakataa kwa sababu ya ile saa. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko 2011 inapokutana na cheti cha mwaka huu inakiona bado hakijaanza kutumika, hivyo inakataa kuingia. Rekebisha tarehe kwa mkono, mwaka, mwezi na saa, kisha fungua barua pepe yako. Ambatisha faili za mama, mtumie mwanao Iringa na ujitumie mwenyewe. Gmail huruhusu kutuma viambatisho hadi 25MB kwa barua moja. Zikizidi, zigawe kwenye barua mbili. Ukipendelea WhatsApp, zitume kama hati, usizitume kama sauti, ili zifike zilivyo. Kisha mpigie simu mwanao, aifungue ya kwanza na asikilize mpaka bibi amalize ngano. Simu mpya ikigoma kusoma .amr, programu ya VLC ni ya bure na huzisoma. Baadaye mnaweza kutengeneza nakala za MP3 za kuwagawia ndugu, lakini zile za asili zisifutwe kamwe, kwa maana kila kuibana upya sauti iliyokwisha kubanwa hupunguza kidogo kilichobaki.

Hilo likiisha, tuangalie afya ya diski. Weka sikio karibu na kasha. Mvumo laini ni wa kawaida. Ukisikia inagonga kwa mpangilio, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi, izime na usiiwashe tena mpaka aliye na vifaa aione, kwa kuwa kila dakika ya kuzunguka inaweza kuikwangua zaidi. Kama haigongi, pata programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ile isiyohitaji kusimikwa, uiendeshe kutoka kwenye flashi. Itakuonyesha neno moja lenye rangi: buluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Mimi hutazama pia mistari miwili, ule wa 05 na ule wa C5. Wa kwanza unahesabu sehemu za diski zilizokufa na kuhamishiwa kwenye akiba. Wa pili unahesabu zile zinazosuasua, ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua. Ukikuta si sifuri, hasa huo wa pili, usiahirishe kazi hata siku moja.

Watu wengi wakiona njano hukimbilia kuikarabati diski kwa amri ya chkdsk. Tafadhali usifanye hivyo kabla ya kunakili. Amri hiyo ikitumwa kwa ukamilifu wake huisoma diski yote kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuandika marekebisho juu yake, na diski mgonjwa inaweza kuishia hapo hapo. Kuipanga upya kwa kile kinachoitwa defragi ni vivyo hivyo. Mgonjwa wa mguu hatumpimi kwa kumkimbiza.

Sasa nakala kubwa. Nunua diski mbili za nje za 1TB kila moja. Najua mbili zinauma mfukoni, na kama haiwezekani kwa mwezi mmoja, anza na moja. Sababu ya mbili ni hii: diski ya nje inayokaa kwenye meza moja na kompyuta itaibwa nayo, na itaungua nayo. Huko kwenu Rungwe kuna radi pia. Kuanzia Novemba hadi Aprili hakuna anayehitaji kuelezwa, na radi moja ikipita kwenye nyaya huchukua kila kilichochomekwa. Mpiga picha wa Marekani aitwaye Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Kwako, mbali na nyumbani ni Iringa. Diski ya pili mpe mwanao akija, aiweke kabatini.

Flashi za 2TB zinazouzwa kwa bei ya soda zikatae, hata muuzaji akikuonyesha kwenye skrini kwamba zinasoma 2TB. Kuna zilizochezewa kielektroniki zidanganye ukubwa. Ndani zina 16GB au 32GB. Zitapokea faili zako kwa utulivu, zitaonyesha majina yote, na siku ya kuzifungua utakuta hazisomeki. Ukiwa na shaka, programu ya H2testw huijaza flashi kwa data ya majaribio na kuisoma tena; uongo unadhihirika hapo. Fanya jaribio hilo flashi ikiwa tupu.

Ukishachomeka diski ya nje, tazama umbo lake, yaani mpangilio inaotumia kuhifadhi faili. Ikiwa FAT32, haitapokea faili moja inayofika 4GB, na video ya harusi ya saa mbili huvuka hapo kirahisi. Wengi hudhani diski imejaa au ni mbovu, kumbe ni kanuni ya umbo hilo. Diski ikiwa mpya na tupu, ibadilishe iwe exFAT au NTFS kabla hujaweka chochote.

Kisha nakili. Chagua kunakili, usichague kukata. Umeme ukikatika katikati ya kukata na kubandika, unabaki na nusu huku na nusu kule na huna hakika ipi ni ipi. Ukikatika katikati ya kunakili, ya asili haijaguswa, unaanza upya. Anza na folda ndogo za thamani: sauti, hesabu za kikundi, picha za zamani zaidi. Filamu na vitu vilivyoshushwa mtandaoni viwe vya mwisho. Kompyuta ya umri kama wa hiyo yako kwa kawaida ina USB 2.0 tu, ambayo kwa uhalisia husukuma kama 30MB kwa sekunde. Tuseme una 310GB: hizo ni karibu saa tatu kwa mahesabu safi, na picha ndogo ndogo maelfu zitaongeza muda. Panga siku nzima ya Jumamosi, na kama una jirani mwenye UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, mwazime.

Tena, usisahau pembe za nyumba. Picha zilizo usoni mwa kompyuta. Folda za watumiaji wengine, kama wajukuu wana akaunti zao humo. Pasiwedi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, ambazo ni afadhali uziandike kwenye daftari. Na zile CD ulizochoma miaka ya 2000, ambazo naamini zipo kwenye droo: CD moja hubeba 700MB na DVD 4.7GB, na tabaka la rangi linaloshika data kwenye CD za kuchoma huchakaa kwa mwanga na unyevu. Unyevu wa Tukuyu mwalimu unaujua kuliko mimi. Zisome sasa, maadamu kiendeshi cha CD kipo. Laptopu mpya nyingi hazina kabisa.

Huenda ukafungua flashi ya zamani na kukuta folda zote zimegeuka shotikati. Ni kirusi kinachozunguka kwenye steshenari zetu miaka mingi: kinazificha folda halisi na kuweka alama za bandia zenye majina yale yale. Usizibofye, na usiifute flashi kwa hasira. Folda zako kwa kawaida zipo, zimefichwa tu. Kwenye dirisha jeusi la amri, andika attrib -h -r -s /s /d ikifuatiwa na herufi ya flashi, mathalani E:\*.*, na zitajitokeza. Chukua picha na hati peke yake, kila chenye .lnk, .vbs au .exe kiache huko huko.

Hapa ndipo wengi huacha, na hapa ndipo ninapoomba uwe mwalimu kweli kweli. Kazi ambayo haijasahihishwa haihesabiwi. Bofya folda ya asili kwa kitufe cha kulia, soma idadi ya faili na ukubwa wake, fanya vivyo hivyo kwenye nakala, namba zilingane. Kisha toa diski kwa utaratibu, ipeleke kwenye kompyuta nyingine kabisa, ya shule au ya jirani, na ufungue huko. Fungua picha ya 2006, ya 2013 na ya juzi. Fungua kitabu cha hesabu na uangalie kama jumla ya hisa inalingana na daftari la mweka hazina. Sikiliza wimbo mmoja wa kwaya hadi mwisho. Nimewahi kupokea diski ya nje yenye folda zote na majina yote, ndani kila picha ina ukubwa wa sifuri. Mwenyewe alikuwa ameitunza miaka mitatu ndani ya kitambaa.

Ghala la mtandaoni lina nafasi yake. Google hutoa 15GB bila malipo, zikigawanywa kati ya barua pepe, picha na faili. Lakini kupandisha 310GB kwa bando ni kazi isiyo na maana. Hata 10GB, kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde, huchukua kama saa 11. Weka huko zile chache zisizo na mbadala tu. Hesabu za kikundi zina majina na fedha za watu wengine, kwa hiyo faili hiyo iwekee pasiwedi kabla haijatoka nyumbani, na uchapishe nakala ya karatasi kila mwisho wa mzunguko. Karatasi haiombi masasisho.

Sasa tunaweza kuzungumza kuhusu mashine yenyewe, na hapa nina habari njema. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone orodha ya kazi. Nina hakika karibu yote kwamba utakuta safu ya diski iko asilimia 100 huku prosesa, ubongo wa kompyuta, ikipumzika. Windows 10 ikiwa na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya 4GB, ukifungua kivinjari tu nafasi imekwisha, hivyo inaazima nafasi kwenye diski. Diski ya kuzunguka ina mkono mmoja unaotembea huku na huko kutafuta kila kipande. Kwa hiyo prosesa yako haijazeeka sana, inasubiri.

Dawa ni SSD ya inchi 2.5 yenye waya wa SATA, ya 240GB au 256GB, na RAM ifike 8GB. SSD haina kinachozunguka. Diski ya zamani husoma kama 100MB kwa sekunde ikiwa na afya, SSD ya SATA hufika 500 na zaidi, lakini faida kubwa iko kwenye vipande vidogo vidogo, ambavyo ndivyo Windows inavyosoma wakati wa kuwaka. Kuwaka kwa dakika nyingi kunakuwa kwa sekunde. Kati ya mabadiliko yote niliyowahi kumfanyia mtu, hili ndilo linalomfanya anipigie simu jioni kunishukuru.

Kwenye RAM, mashine yako inatumia DDR3 za mezani. DDR4 haiingii, pengo lake limekaa pengine. Ya laptopu nayo ni fupi. Fundi aangalie pia kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu ile ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya takriban 4GB hata ukiijazia.

Ya saa ni rahisi kuliko yote. Kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, kuna betri ya mviringo mfano wa sarafu, CR2032, ya volti 3. Imekwisha. Ibadilishwe, tarehe iwekwe, basi. Kasha likiwa wazi, vumbi litolewe kwa brashi laini huku feni ikizuiwa kwa kidole isizunguke. Na kama Juni na Julai mnaingiza jiko la mkaa sebuleni, naelewa baridi ya kwenu, lakini majivu yake huvutwa na feni na kuganda kwenye vyuma vya kupoozea. Moshi wake usioonekana ni hatari kwenu zaidi kuliko kwa kompyuta. Dirisha liwe wazi kidogo.

Namna ya kusimika ndiyo ninayotaka umwambie fundi kwa maneno haya haya: kabla hujaanza, chomoa diski ya zamani. Ichomolewe waya wa data na wa umeme, itoke ndani ya kasha. Ndani ibaki SSD mpya peke yake. Hapo hata akikosea kubofya, hakuna cha kufuta. Diski ya zamani ifungwe kwenye kifuko, iandikwe tarehe kwa kalamu, urudi nayo nyumbani. Usiiache kwa fundi, hata akikuahidi punguzo, maana ina picha za familia yako na fedha za kikundi. Iache kabatini miezi sita bila kuigusa. Jambo ulilosahau litajikumbusha ndani ya muda huo. Kuhamisha kila kitu kama kilivyo kwenda SSD ya 256GB hakutawezekana ikiwa una zaidi ya ukubwa huo, na hata ingewezekana, ungehamisha na takataka za miaka 10.

Je, isimikwe nini? Tarakimu ya kwanza kwenye 2120 inaonyesha prosesa yako ni ya kizazi cha pili, kilichoanza kuuzwa 2011. Windows 11 rasmi inadai kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambavyo huna. Zipo njia za kuipenyeza kwa nguvu. Mimi siziweki kwenye kompyuta ya mtu anayefungua barua za kikundi chenye fedha, kwa sababu Microsoft haimwahidi masasisho. Windows 10 nayo ilimaliza masasisho yake ya bure ya usalama Oktoba 14, 2025, na nyongeza iliyotolewa kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha inaishia Oktoba 13, 2026. Kwa hiyo kubaki Windows 10 ni kununua muda mfupi.

Ushauri wangu ni Linux Mint, mfumo unaoendesha kompyuta badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Ni ya bure kihalali, na toleo la 22 linapata masasisho hadi 2029. LibreOffice iliyomo hufungua vitabu vyako vya Excel. Kama kuna fomula za ajabu, zijaribu kwanza. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kusimika chochote. Kaa nayo saa moja: fungua hesabu, chapisha ukurasa mmoja kwa printa yako, sikiliza kwaya, mwache mjukuu acheze. Printa ikigoma au mkono ukikataa kuizoea, umejua kabla ya kulipa.

Kuhusu laptopu ya mwanao, nina kipimo ninachowapa wateja wote. Jumlisha SSD, RAM, betri na ufundi. Zikizidi nusu ya bei ya kompyuta ya mtumba yenye prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, nunua hiyo ya mtumba. Zisipozidi, tengeneza uliyo nayo. Ulizia kwenye maduka mawili, Mwanjelwa na Kabwe, kabla hujaamua. Na laptopu ikinunuliwa, nakala zile mbili bado zinahitajika. Laptopu huanguka na huibwa kirahisi zaidi.

Umeme usiuache. Soketi ya ukutani iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, UPS ndogo iwepo, na ngurumo zikianza upande wa Mlima Rungwe chomoa plagi yote ukutani pamoja na waya wa antena au modemu. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, radi huruka pengo dogo kama hilo. Diski ya nje nayo isiishi ikiwa imechomekwa. Inachomekwa siku ya kunakili, mara moja kwa mwezi, labda siku ya kikao cha kikundi mkiwa mnafunga hesabu, kisha inarudi kabatini.

Swali lako la mwisho: hapo au Mbeya? Nakala ifanyike hapo nyumbani, kwa mikono yako, kabla kompyuta haijapanda gari lolote. Kubadilisha SSD na betri ni kazi ambayo kijana wa Tukuyu anaiweza kabisa, na ningependa umpe yeye akikubali sharti la kuchomoa diski ya zamani mbele yako. Akibisha sharti hilo, ndipo uje. Ukija, njoo na kasha peke yake, skrini na kibodi viache. Liweke mapajani au miguuni, lisiende kwenye buti la Coaster, na diski ya nje iwe nyumbani, msisafiri wote pamoja. Ukipita Isongole asubuhi kwenye baridi ile na kuingia kwenye chumba chenye joto, chuma hutoa jasho. Tutakunywa chai kwanza saa nzima kabla sijaiwasha.